Mwalimu Asiyelalamika

Tarehe 11 Januari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama, na mizigo imefika yote isipokuwa mwavuli, ambao hata hivyo sikuupenda. Baba ameniambia kwenye simu kwamba goti limepoa na amerudi barabarani na lori lake. Wewe simu hutaki hata kuiona, unasema inamfanya mtu aongee kabla hajafikiri, kwa hiyo naandika. Natumaini paa la jikoni limeshazibwa na fundi hajakuudhi ukamfukuza akiwa bado juu ya ngazi.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Wakala aliyetuleta huku kufundisha Kiingereza ametuweka hosteli mpaka tuchague vituo, na kwangu zimebaki nafasi mbili. Moja ni taasisi ya lugha katikati ya mji mkubwa: jengo la vioo, lifti inayosema, watoto wa wenye nazo. Unaanza na majaribio ya miezi kadhaa, halafu ukiwafaa unasaini miaka miwili. Nyingine ni shule ya sekondari kwenye bonde la wakulima wa vitunguu, mwendo wa siku nzima kwa treni na basi.

Taasisi wamenitumia kijitabu cha matangazo cha karatasi inayong'aa. Mwalimu mkuu wa bondeni amenitumia nusu ukurasa alioandika kwa mkono. Anasema kidato cha pili hakijapata mwalimu wa Kiingereza tangu mwaka juzi. Anasema pia nitalala chumba kilichopakana na ghala la vitunguu, "lakini ghala ni safi." Hiyo "lakini" yake imenikaa moyoni, sijui kwa nini.

Naelekea bondeni, Shangazi. Ila wewe ndiye uliyenilea na ndiye uliyenifundisha hiki Kiingereza chenyewe, sitaki kwenda bila neno lako.

Mwanao,
Kasuku


Tarehe 2 Februari

Kasuku,

Marahaba. Goti la baba yako halijapoa. Kakudanganya, kama anavyonidanganya mimi na kama anavyomdanganya mwenye lori. Anapanda lori kwa mguu mmoja huku kauma meno, halafu anasema ni baridi. Fundi wa paa nilimfukuza. Alikuwa anapiga mluzi. Mtu anayepiga mluzi juu ya paa la mwenzake hana nia ya kuziba tundu. Jirani wa mkabala mwanawe amepandishwa cheo huko kwenye uhasibu wake, na mama mtu ametangaza habari hiyo kwa sauti ya mnadani mpaka kuku wangu wameacha kutaga.

Barua yako nimeisoma mara moja, ikatosha. Vitunguu! Nimekusomesha mpaka chuo kikuu, umepanda ndege mbili, umevuka nusu ya dunia, ili ukanuke vitunguu? Hapa sokoni vimejaa tele. Ungeniambia mapema ningekununulia gunia, ukalala nalo chumbani, tukaokoa nauli.

Mimi sizungumzi kwa kusikia. Nimefundisha maisha yangu yote kwenye shule ambayo popo walikuwa wengi kuliko madawati. Mvua ikinyesha tulifundisha kwa ishara. Wazazi walikuja kuwachukua watoto wakapalilie katikati ya mtihani, na walinishangaa mimi kwa kukasirika. Shamba ni shamba, liwe la hapa au la ng'ambo. Tope halina pasipoti. Na hao wakulima wako watakupenda, usidhani hawatakupenda. Ndiyo hatari yenyewe. Watakuwekea mboga mlangoni, watakuita mwalimu wetu, nawe utajiona malkia, na siku utakapoinua kichwa nywele zimeshakuwa nyeupe na hakuna anayejua kama uliwahi kuwa na akili.

Nenda mjini. Isitoshe, nimeshamwambia jirani wa mkabala kwamba unafundisha kwenye jengo la vioo. Nilimwambia hata kabla hujaondoka. Usinifanye mwongo uzeeni.

Na huyo mwalimu mkuu anayeona usafi wa ghala ni jambo la kujisifu, mwandikie kwa adabu umkatae.

Shangazi yako


Tarehe 15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole na kuku. Mwambie baba asinifiche mambo ya goti, na wewe tafuta fundi mwingine asiyejua muziki.

Nimefuata neno lako. Niko mjini, ghorofa ya tisa. Lifti inasema namba ya ghorofa kwa sauti ya mwanamke aliyelala vizuri. Chumba changu cha kulala kina joto, kitanda kipana, dirisha linaloangalia barabara yenye miti iliyopandwa kwa mstari. Kwenye ofisi ya walimu kila mtu ana kiti kinachozunguka. Wenzangu ni watu wa heshima zao. Mkurugenzi anavaa saa kubwa. Kila kitu kinakwenda vizuri na sina la kulalamika.

Naambatanisha kijitabu kipya cha taasisi, kimetoka kiwandani wiki hii, umwonyeshe jirani wa mkabala.

Mwanao,
Kasuku


Tarehe 6 Aprili

Kasuku,

Marahaba. Baba yako yuko kwangu. Kaja kupumzika, ndivyo anavyosema. Lori liko kwa mwenyewe. Anakaa barazani na mguu juu ya ndoo, anawafundisha wapita njia jinsi ya kuendesha.

Kijitabu nilimpelekea jirani wa mkabala, nikamwekea mezani, nikakaa nikimtazama akikifungua. Aliumia. Nilirudi nyumbani nimeshiba. Halafu nikavaa miwani nikakisoma mwenyewe, na hapo ndipo furaha iliponitoka.

Kuna kijana humo mwenye nywele za rangi ya ndevu za mahindi. Yumo kila ukurasa. Anacheka mbele ya ubao, anacheka dirishani, anacheka ameshika kikombe. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mwalimu anacheka mbele ya ubao. Ubaoni kuna kitu gani cha kuchekesha? Chaki kaishika kama sigara. Huyo hajawahi kuandika sentensi mbili mfululizo watu wakimsubiri.

Wewe nimekutafuta ukurasa kwa ukurasa. Nimekuona mwishoni, nyuma ya bega lake. Nimeona kiwiko. Sweta la kiwiko hicho nililifuma kwa mikono yangu, na kosa la mshono wa tatu nalijua. Naomba nielezwe: taasisi imeajiri mwalimu au imeajiri kiwiko? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hilo jengo lako linatembezwa sana.

La pili. Umeniandikia ukurasa mzima na hukumtukana mwanafunzi hata mmoja. Mimi nimekaa ofisi za walimu tangu ujana wangu. Mwalimu hana mazungumzo mengine. Akiamka analalamika wamechelewa, akila analalamika hawajasoma, akilala anaota wameandika upumbavu ule ule aliowakataza jana. Mwalimu asiyelalamika ama amekufa ama hafundishi. Viti vinavyozunguka umenieleza, miti umenieleza. Watoto wako wapi? Yupi mkaidi? Yupi analala? Yupi anakupenda kwa kukuudhi?

Nataka mjinga mmoja. Mmoja tu. Mwandike nimwone.

Shangazi yako


Tarehe 1 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo ya baba umpe yeye mwenyewe, na umwambie ndoo si tiba.

Mpiga picha alikuwa na haraka. Ndiyo sababu ya kiwiko. Sikujua kwamba ili uamini nina kazi lazima nianze kuwatukana watu. Ulinituma mjini, nimekuja mjini, sasa mji nao umekosa nini?

Lakini sawa, umetaka mjinga, shika mjinga. Kwenye darasa langu la jioni kuna mvulana ambaye hapendi kuitwa ubaoni. Basi kila somo likianza anafunga kamba za viatu vyake kwenye mguu wa dawati. Nikimwita anasimama nusu, anavutwa, anakaa tena, ananitazama kwa huzuni kana kwamba dawati ndilo linalomkatalia. Nimemwambia avue viatu aje pekupeku. Akasema mama yake kamkataza kukanyaga sakafu ya baridi. Darasa zima likacheka mpaka somo likaharibika.

Umeridhika? Haya. Joto limeanza huku. Kila kitu kinakwenda vizuri.

Kasuku


Tarehe 22 Mei

Wewe mtoto,

Siijibu shikamoo yako. Marahaba utaipata ukiirudia vizuri.

Huyo mvulana ni wangu.

Nilimfundisha mimi, kabla hujazaliwa, kabla baba yako hajaota ndevu. Alifunga kamba kwenye dawati la mstari wa mbele, mkono wa kushoto, na mama yake aliyemkataza sakafu ya baridi alikuwa rafiki yangu. Nimekisimulia kisa hicho mezani kila alipokuja mgeni, nawe ulikuwa unakaa hapo na kijiko mdomoni ukijifanya husikii. Siku hizi ni babu wa watu, anatengeneza baiskeli nyuma ya soko. Jana alipita hapa kuangalia pampu, nikamuuliza kama amewahi kufika ng'ambo, ghorofa ya tisa, darasa la jioni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Anakusalimu.

Yaani katika mji mzima, katika jengo lote hilo la vioo, umekosa mtoto mjinga wa kwako mpaka umekuja kuniibia wa kwangu? Njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako haikufika hata mlangoni. Tena uongo wenyewe mvivu. Madawati ya kijitabuni kwenu hayana miguu, ni ubao unaokunjwa kutoka kwenye kiti. Angefunga kamba wapi?

Mwizi wa kuku huiba kuku anayeliwa. Mwizi wa mwanafunzi sijawahi kumsikia. Maana yake huna hata mmoja.

Paa bado linavuja na sitaki kulizungumza. Baba yako hajambo, na hilo nalo sitaki kulizungumza. Usiniandikie tena mpaka uwe tayari kusema kweli. Miwani hii ni ya kusomea, si ya kubahatisha.

Shangazi


Tarehe 12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Narudia: shikamoo.

Kweli unayoitaka ni hii. Siku ya kwanza mkurugenzi alinitazama kama anayetazama mzigo ulioletwa nyumba isiyo yake. Alisoma vyeti vyangu, akanisifu, akanijaribu kwa Kiingereza kigumu nikamjibu kigumu zaidi, akanisifu tena. Halafu akasema ni bahati mbaya, lakini wazazi hawanunui Kiingereza, wananunua sura ya mtu anayekizungumza. Sura hiyo alikuwa nayo tayari. Ni yule kijana wa ndevu za mahindi. Alikuja nchi hii kutembea, akaishiwa, akaokotwa mkahawani. Hajui kufundisha na hajui kwamba hajui. Mimi namwita Sura, na mwenyewe anaona nimempamba.

Mimi nakaa kwenye kachumba kati ya stoo ya karatasi na choo. Nina kioo cha kompyuta kinachonionyesha darasa zima, na kipaza sauti. Sura ana kidude sikioni, nywele zinakifunika. Nasema, naye anasema. Naona mkono umenyooshwa, namwambia ageuke kushoto. Naona mtoto hajaelewa, namtafutia mfano, Sura anautoa na kutabasamu kana kwamba umemjia usiku. Siku moja mhudumu aliniletea chai nikamwambia kwa Kiingereza aweke hapo pembeni ya mlango, aangalie isimwagike. Sura akalitangazia darasa kwamba liweke hapo pembeni ya mlango na liangalie isimwagike, na wanafunzi wa darasa la watu wazima, wenye tai zao, wakaandika kwenye madaftari yao. Wakarudia kwa pamoja. Mimi nikaenda chooni nikacheka mpaka nikalia, kisha nikalia bila kucheka.

Mazoezi nasahihisha mimi. Shukrani anapokea yeye. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili hata kuvuma linavumishiwa.

Sasa umepata ulichokuwa unachimbua, na usije ukajitia kushangaa. Nilikuandikia Januari nataka kwenda bondeni, ukanicheka. Ulitaka mji. Mji ndio huu. Mwisho wa mwezi, baada ya siku ya wazazi, naletewa mkataba wa miaka miwili, na nitausaini. Kitanda ni kipana, jirani wa mkabala ameumia, kila mtu kapata chake. Mwalimu mkuu wa bondeni ameniandikia tena. Kidato cha pili bado hakina mtu. Anasema wamepaka chumba rangi. Sijamjibu.

Na kwa kuwa tumeamua kusema kweli, nami nina yangu. Wewe ni nani wa kukicheka kiwiko changu? Umekaa miaka yote hiyo kwenye shule unayoita shimo, unalitukana shimo asubuhi na jioni, kwa sababu hakuna aliyetaka kukuhamisha. Walikusahau huko. Angalau mimi nimefichwa ghorofani.

Kasuku


Tarehe 29 Juni

Kasuku,

Marahaba.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilipokaa kitako, kalamu ilitaka kukutukana, na nilitaka nikutukane kwa mpangilio. Barua hii itakukuta umeshasaini. Naandika hata hivyo.

Nianze na huyo mkurugenzi. Mtu ana mwalimu mkononi, anamfungia karibu na choo, kisha anamsimamisha mbele ya watoto kijana wa kuokota mkahawani. Mtu huyo nisingempa hata zamu ya kufagia uwanja. Na hao wazazi wanaonunua lugha kwa kuitazama, watu gani hao? Wakinunua redio huwa wanaiangalia tu? Nawe nakushangaa kuliko wote. Ulipokuwa na miaka sita nilikuwa nakusikia toka upande wa pili wa uwanja, upepo ukivuma, ukibishana na watoto wakubwa. Ndiyo maana tulikuita Kasuku. Sikukupa hayo maneno ukamtafunie mtu mwingine na kumtia kinywani kama mama njiwa.

Umesema nilisahauliwa. Kila mtu anasema hivyo, hata baba yako, na sijawahi kumsahihisha yeyote. Uhamisho ulikuja mara mbili. Mara ya kwanza shule ya mjini, yenye umeme na maabara na nyumba ya mwalimu iliyo na bafu ndani. Niliukataa. Mara ya pili wakaniletea cheo juu yake. Barua yake niliikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza ya darasani, maana ilikuwa inayumba, na ikafanya kazi nzuri mpaka nilipostaafu. Niliwaacha watu waseme nimeachwa. Aibu ya kuachwa nilikuwa naimudu. Kusema mbele za watu kwamba nawapenda wale wajinga, na tope lao, na mama zao wanaokuja kuwatoa kwenye mtihani, hilo ndilo sikuweza. Bado siwezi. Nakuandikia kwa sababu uko mbali.

Utauliza basi kwa nini nilikutuma mjini. Kwa sababu mji unamchosha mtu akarudi kwao. Shamba linamshika. Nilijua ukienda kwenye hilo bonde, ukaona chumba kimepakwa rangi kwa ajili yako, hutarudi, maana mimi nisingerudi. Na mimi nataka urudi. Goti la baba yako limekwisha, Kasuku, hatapanda lori tena. Paa linavuja kitandani siku hizi, si jikoni. Usiku nasikia mvua nahesabu nani amebaki. Nilitaka nikae na mtu wa kugombana naye. Basi, nimesema.

Sikuambii uende bondeni. Nilishakuambia mahali pa kwenda mara moja, na tumeona. Fanya upendavyo. Ila ukiendelea kukaa kwenye kachumba hako, usiniletee tena wanafunzi wangu. Wana kazi zao.

Shangazi yako


Tarehe 30 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ilifika jengo la vioo nikiwa nimeshaondoka. Imenifuata mpaka huku imezungukazunguka kama mlevi, na bahasha ilikuwa inanuka vitunguu hata kabla sijaifungua, kwa sababu mleta barua anazipanga juu ya magunia. Nimeisoma nimekaa juu ya ndoo, maana kiti cha chumba hiki kina miguu mitatu. Kuhusu uhamisho wako sitasema kitu, nitakuja kukuambia usoni nione utakavyokasirika. Baba nimemwandikia barua yake. Msomee, asijifanye miwani yake imepotea.

Nikueleze ya siku ya wazazi kwa kifupi, kwa kuwa nina rundo la madaftari. Ukumbi ulijaa. Sura alikuwa mbele, mimi kwenye kachumba. Yalikwenda yote sawasawa mpaka akasimama mama mmoja wa makamo, si wa wale wenye mikufu, akatoa daftari la binti yake kwenye mfuko. Akauliza nani anayesahihisha madaftari haya. Akasema mtu huyo anaandika pembeni maneno makali, lakini binti yake siku hizi akirudi anakwenda kuyasoma kwanza kabla ya kula, na yeye mama angependa kumshika mkono mtu huyo. Sura akatabasamu, akasubiri. Nilichotakiwa kumwambia kilikuwa neno moja tu: mimi.

Nimemtilia maneno mengi kinywani, Shangazi. Hilo halikutoka. Nikazima kipaza sauti. Sura akasema vizuri sana. Akasema vizuri sana, tena, akageuka kushoto kwa mazoea tu, wala kushoto hakukuwa na mtu. Mkurugenzi alikuja mbio mlangoni kwangu na ile saa yake, na mkataba, alioniletea asubuhi yake, ukiwa mezani haujaguswa. Nilimpisha akae kwenye kiti, nikamwonyesha pa kubonyeza. Nilipita ukumbini nikamshika mkono yule mama, nikateremka kwa ngazi. Lifti ilikuwa inasema mno.

Sasa nisikilize, kwa sababu nimechoka na sina mtu wa kumwambia.

Hawa watoto ni balaa. Sijawahi kuona viumbe kama hawa. Kidato cha pili wamekaa bila mwalimu mpaka wamejitungia Kiingereza chao wenyewe, na wanakitetea. Kuna mmoja namwita Wakili. Ukimwambia kakosea anakuomba uthibitisho, na ukimletea kitabu anauliza kitabu kimeandikwa na nani na kama huyo mtu aliwahi kufika bondeni. Kuna mapacha wanaofanya zoezi moja kwa zamu, leo huyu kesho yule, wakidhani siwezi kuona kwamba mmoja anatumia mkono wa kushoto. Kuna binti mrefu wa nyuma ana kipaji cha kutisha, kipaji kabisa, na amekitumia wiki nzima kuandika insha kuhusu kwa nini hataki kuandika insha. Nimempa alama za juu nikiwa nimekasirika. Wazazi huja kuwatoa darasani wakavune, wanasimama mlangoni na kofia mkononi, wapole kupindukia, na hawaondoki bila mtoto. Jana nilimfukuza mmoja. Leo nimekuta kabichi mlangoni. Mwalimu mkuu mwenyewe hasikii vizuri na hafungi geti. Na ghala si safi, Shangazi. Alisema uongo. Lina panya mmoja mkubwa ambaye nadhani ana umri wangu.

Nalala nawaza wameandika nini. Naamka nawatukana kabla sijanawa uso.

Kuhusu kurudi, sitakudanganya tena, ulishanionyesha uongo wangu ulivyo mvivu. Muhula ukifungwa nakuja, na fundi nitamtafuta mwenyewe, na nitakaa naye juu ya paa mpaka tundu lizibe, apige mluzi asipige. Tutagombana vya kutosha. Lakini likizo ikiisha nitaondoka, kwa sababu hawa siwezi kuwaachia mtu, watamharibu. Na ndoo ya baba muitoe barazani mkaiweke kitandani panapovuja mpaka nifike, na wewe hamia chumba changu. Usibishe.

Yule Wakili leo kaninyooshea mkono akasema, kwa adabu zote, kwamba sauti yangu ni kali mno, inamuumiza masikio, na wakulima kwenye mashamba ya ng'ambo ya mto wanamsikia mwalimu bila ada. Nikamwambia akae chini na ashukuru Mungu wake, hajamsikia shangazi yangu.

Mwanao,
Kasuku